Pigeni Hata Wasiposikiliza

Wanangu, malalamiko yenu yamenifikia. Mnapanda jukwaani, ukumbi unakula, unacheka, unaongea na simu, na hakuna anayewatazama. Inauma, najua. Lakini kabla hamjaanza kupiga bora liende, zitafuteni santuri mbili: Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby.

Zote zilirekodiwa siku moja, Jumapili tarehe 25 Juni 1961, kwenye klabu ya Village Vanguard mjini New York, chumba kidogo chini ya ardhi ambacho Max Gordon alikuwa akikiendesha tangu 1935. Bill Evans alikuwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi la kusimama, Paul Motian kwenye dramu. Walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku. Mapema tu, umeme ukakatika katikati ya wimbo.

Sasa tegeni sikio nyuma ya piano. Glasi zinagongana. Mtu anacheka. Meza fulani wanaendelea na maongezi yao kana kwamba jukwaa ni tupu. Leo wapenzi wa jazi dunia nzima wangetoa chochote kukaa kwenye viti vile, na waliokaa walikuwa wakipiga soga!

Na wale watatu je? Wanasikilizana. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Enzi zile mpiga besi alitegemewa kushika mwendo chini ya piano, basi. LaFaro hakubali kukaa huko chini: Evans akitoa neno, yeye anajibu, anapinga, anaongezea, kisha ananyamaza ili mwenzake apumue. Motian anapitisha brashi taratibu bila kumfunika mtu. Hakuna anayepigania sifa. LaFaro alikuwa na miaka 25, na besi alianza kulishika akiwa na 18, kwa hiyo msiniambie ninyi bado wadogo.

Walipokaribia kumaliza usiku ule wakapiga Jade Visions, utunzi wa LaFaro mwenyewe, wakaurudia tena papo hapo. Watu watatu waliokuwa kazini tangu mchana!

Siku 11 baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro akafa kwa ajali ya gari. Evans alivunjika moyo, akakaa miezi bila kupiga hadharani. Santuri ya kwanza ilipoandaliwa, ilifunguliwa na kufungwa kwa tungo za marehemu. Kama Jumapili ile wangejiambia kwamba watu hawa hawastahili, tutapiga vizuri siku nyingine, wasingeipata siku hiyo.

Jumamosi hii mkipanda jukwaani, achaneni na meza za mbele. Mpiga gitaa amsikilize mpiga besi, mpiga besi amsikilize mpiga dramu, na wimbo wa mwisho mpige kwa nguvu ileile ya wimbo wa kwanza.