Juu ya Kumwogopa Mbwa

Husemwa kwamba hofu huondolewa na ushujaa. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu imetoka katika kituo kimoja cha kutunza mbwa waliotupwa, pembezoni mwa Temeke, ninakosaidia kazi tangu nilipostaafu ualimu.

Tangu utotoni niliwaogopa mbwa wakubwa, wale wa nyuma ya geti lenye kibao cha “Mbwa Mkali”. Haikuwa hofu ya kipumbavu. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na dalili zake zikishajitokeza mgonjwa ni nadra sana kupona. Anayemwambia mtoto “usiogope” bila kumwambia aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali, hajamsaidia kitu.

Kilichonifaa ni kufundishwa. Kijana anayelisha mbwa, umri wa wajukuu zangu, aliniambia: “Mwalimu, usimkazie macho. Simama upande, akunuse kwanza.” Polepole nikajifunza kumsoma mbwa. Aliyekakamaa na kukunja midomo si sawa na anayegeuza uso na kujilamba. Huyu wa pili ananiogopa mimi! Jambo hilo halikuwahi kunijia akilini. Wengine wana makovu ya mnyororo shingoni, nami sikuhitaji kuelezwa ukali wao ulitoka wapi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Moyo bado hunidunda nifunguapo kizimba cha dume moja jeusi, lakini nafungua.

Sasa, mwenye hofu ana haki gani juu ya anayemwogopa? Mtu humpiga jiwe mbwa aliyejilalia, akiulizwa hujibu, “Angening’ata.” Majirani zangu Waislamu huniambia mate ya mbwa ni najisi, nami sibishani nao, lakini ni wao hao walionisimulia habari ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kujitwaharisha ni jambo moja, kupiga mawe ni jingine.

Tena jiwe halizuii kichaa. Kinachozuia ni chanjo: wataalamu hutaka walau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukose njia. Siku ya chanjo ikifika, mbwa aliyetunzwa huja na kamba, akiongozwa na mtoto. Yule aliyezoea mawe hutoroka aonapo tu mkono umeinuliwa, akabaki mitaani bila chanjo, karibu na watoto wale wale.