Usikivu Unaopotea Taratibu

Kwenye viwanda vya kupasulia mbao vya Mafinga, mkoani Iringa, kelele za mashine hufifisha usikivu wa wafanyakazi taratibu, kwa kuwa huua seli za vinyweleo vya sikio la ndani, yaani zile zinazogeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za neva, na seli hizo zikishakufa hazioti tena. Kipimo cha usikivu, ambapo mpimwaji huvaa visikizio na kuashiria kila asikiapo mlio, hakina maumivu. Lakini mzee wa Mbeya, kwa mfano, asiyesikia vizuri na asiyepimwa huanza kukwepa vikao na kudhaniwa, kwa uonevu mkubwa, kuwa ana kiburi, ilhali pengine ni nta tu iliyoziba sikio, au anahitaji shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti. Tena mwaka 2020 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, na yanayoweza kudhibitiwa.