Mteko na Mwami

Zamani katika Buha, mkoani Kigoma, kabla ya kodi ya kichwa, mtu aliyetaka kufungua shamba jipya hakuanza kwa mwami, yaani mfalme. Alianza kwa mteko. Mwami wa Heru, mojawapo ya enzi za Buha, alikuwa na ng'ombe, alikuwa na batware wa kumwakilisha kila upande wa nchi, lakini udongo wa Kasulu ulikuwa na wenyewe wa zamani kuliko kiti chake, na msemaji wao alikuwa mteko. Yeye ndiye aliyegawa ardhi isiyo na mtu, aliyeamua magomvi ya mipaka, aliyetambikia mizimu ya mahali ili mbegu ikubali. Hakuwa na askari. Alikuwa na baraka na laana, na vyote viwili watu walivichukulia kwa uzito.

Watutsi waliokuja na ng'ombe wao wakasimika enzi za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, hawakuwafagilia mbali wateko. Waliwaachia kazi yao. Sioni jambo la busara zaidi katika historia yote ya milima hii. Mkulima aliyeonewa na mtware alibaki na mtu mwingine wa kumwendea, mtu ambaye heshima yake haikutoka kwa mwami, na kwa hiyo mwami hakuweza kumnyang'anya. Mmoja alishika utawala, mwingine akashika udongo, na katikati yao mnyonge alipata pa kupumulia.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye kila mahali. Sheria yao ya mwaka 1926 kuhusu mamlaka za wenyeji iliwafanya machifu, bami wa Buha wakiwamo, kuwa watumishi wenye mshahara, hazina na baraza la kuhukumu. Mteko hakuwamo katika orodha ya mishahara. Madaraka yakahamia barazani, na wamisionari nao wakayahesabu matambiko yake kuwa giza la kuondolewa. Lakini hata mwami alikuwa anapoteza. Kila alipokusanya kodi ya mkoloni, heshima aliyoachiwa na babu zake ilikuwa inatumika kulainisha amri ambazo hakuzitunga yeye.

Mwami Theresa Ntare, aliyekalia kiti cha Heru tangu 1946 na baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Bunge la Tanganyika, alikuwa kiongozi hodari. Uhodari wake haukukiokoa kiti. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima, na Muhambwe na Buyungu yakabaki majina ya majimbo ya uchaguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kigoma ilipokuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ambayo watu wake walihamishiwa vijijini kwa operesheni ya serikali, swali la udongo upi ukaliwe na upi uachwe lilijibiwa na maofisa. Yule ambaye zamani angeulizwa kwanza hakuwa na nafasi mezani.

Nakumbusha haya kwa sababu kuna nchi, Japani, ambako dola nayo iliyameza madaraka ya imani ya mahali, tena kwa ukubwa wa kutisha. Shinto, dini ya kale ya Wajapani, kwa asili yake ni dini ya mahali. Kila kijiji kina hekalu lake na msitu wake mdogo, kila mlima au chemchemi inaweza kuwa na kami wake, yaani roho ya mahali, na sherehe zake nyingi hufuata kupanda na kuvuna mpunga. Mzee wa Buha angeielewa bila mkalimani. Mwaka 1868 watawala wapya waliomrudisha mfalme madarakani waliagiza kami watenganishwe na ibada za Kibudha, ambazo zilikuwa zimeishi nao pamoja karne nyingi. Punde makuhani wa Shinto wakawa watumishi wa dola. Kuanzia 1906 mahekalu ya vijiji yakaunganishwa kwa amri, makumi ya maelfu yakafutwa, na misitu yake mingi ikakatwa. Mtaalamu wa mimea Minakata Kumagusu alipinga kwa sauti kubwa, na mwaka 1910 akawekwa kizuizini. Yeye alijua kinachokufa pale msitu wa hekalu unapokatwa: wadudu na kuvu aliowatafiti, na pia desturi za watu waliouzunguka.

Hila kubwa ilikuwa katika sheria. Serikali ilitangaza kwamba kuinama mbele ya hekalu si dini, ni wajibu wa raia. Kwa maneno hayo tu, mtu akapoteza haki ya kukataa kwa sababu ya imani yake. Mwaka 1891 mwalimu Mkristo, Uchimura Kanzō, alisita kuinama kikamilifu mbele ya waraka wa mfalme kuhusu elimu uliotolewa mwaka uliotangulia. Alizomewa nchi nzima, akapoteza kazi. Baadaye, katika Korea iliyotawaliwa na Japani, Wakristo waliokataa kuinama walifungwa, na mchungaji Chu Ki-chol alifia gerezani mwaka 1944. Hao hawakuwa na pa kukata rufaa, maana kiti cha mtawala na madhabahu vilikuwa kitu kimoja. Ilihitajika nchi ishindwe vita ndipo, Desemba 1945, amri ya Wamarekani ikaikata kamba iliyovifunga pamoja, na siku ya kwanza ya 1946 mfalme Hirohito akakana kwamba yeye ni mungu.

Turudi nyumbani, ambako kiti na madhabahu navyo vinaweza kushikana. Miaka ya karibuni mkoa wa Kigoma umesumbuliwa na kamchape, waganga wanaozunguka wakidai kufichua wachawi. Desturi hiyo si ya mteko hata kidogo. Ilivuma kutoka Nyasaland miaka ya 1930, ikajulikana sana Ufipa, ikapanda na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mteko alifungwa na mahali: alizeeka na majirani aliowabariki, na akikosea walimwona kesho yake. Mganga wa kamchape huja, huingia nyumba za watu, hutoa pembe na vibuyu mbele ya umati, kisha huondoka, na anayetajwa hubaki na nyumba iliyovunjwa au kuchomwa. Mara nyingi ni mzee, tena mjane.

Ombi langu ni kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji vya Kasulu na Kibondo. Umati ukija kuwataka mruhusu mchango wa kumlipa mganga, au mtoe barua, au msimame tu pembeni wakati kazi inafanyika, kataeni. Katiba yetu, katika ibara ya 19, imeweka imani kuwa hiari ya mtu na shughuli za jumuiya za dini kuwa nje ya kazi za mamlaka ya nchi. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu enzi za Waingereza, inamhesabu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji. Mihuri mnayoishika ndiyo mjane huyo anayoitegemea siku atakapotajwa. Ikishagongwa kwenye daftari la michango ya mganga, atakuja ofisini kwenu kushitaki, na atakayemkuta mezani ni yuleyule aliyewachangisha majirani zake.