Radi Haitumwi na Jirani



Mawingu meusi yakijikusanya juu ya Mavivi, wengi hufunga milango na kujifunika nguo. Lakini yupo mtu apendaye kuketi ndani, mbali kidogo na mlango, atazame umeme. Auonapo mwanga, huhesabu sekunde hata asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Akifika tisa, ajua kwamba radi imepiga mbali kilometa tatu. Haogopi bure, wala hafanyi mchezo: chini ya mti hakimbilii kamwe.

Amejifunza nini? Kwamba hewa ya joto yenye unyevu hupanda, ikawa wingu refu. Humo chembe za barafu hugongana, na umeme huzaliwa. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Ni kazi ya Muumba, si mkono wa jirani.

Basi, nyumba ikiungua kwa radi, msiulize: «Nani ameituma?» Kumsingizia mama mzee asiye na kosa ni kuvunja amri ya nane. Radi hupiga bila nia. Msingiziaji hupiga kwa moyo wake.

Nabii Eliya, mlimani Horebu, aliona upepo, tetemeko na moto, na Mungu hakuwamo. Alimsikia katika sauti ndogo ya upole. Ngurumo zikiisha, fanyeni ishara ya msalaba, kisha mwendeeni yule mama mzee, mkamwulize kama paa lake halivuji.