Sauti ya Chuma ni ya Nani?

Anayenunua gari hununua chuma, viti na magurudumu. Je, hununua pia sauti yake? Swali laonekana dogo, ilhali limebeba suala zima la haki ya mtu na mipaka yake.

Na achukuliwe kijana wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, mwenye pikapu ya kubebea ndizi na kahawa. Huipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Sailensa ya kiwandani hukatwa, na mahali pake huungwa bomba pana lililonyooka. Ndani ya sailensa mna vyumba na matundu ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kupunguzana nguvu. Bomba lililonyooka halina vyumba hivyo. Kila mlipuko wa injini hutoka kama ulivyozaliwa, na vilima huupokea.

Kijana ana hoja tatu: gari ni lake; injini hupumua vizuri; na waendao kwa miguu humsikia kabla ya kona. Hoja ya pili ina chembe ya kweli, kwani moshi usiozuiliwa waweza kuiongezea injini nguvu kidogo. Lakini mikungu ya ndizi haifiki sokoni mapema kwa sababu hiyo. Ya tatu hujibiwa na honi, ambayo hupigwa penye haja tu. Inabaki ya kwanza, nayo ndiyo nzito.

Mali ya mtu huzungushiwa ua. Sauti haina ua. Jicho lina kope, kinywa kina midomo, bali sikio halikupewa kifuniko. Apazaye sauti hutumia kisicho chake, yaani usikivu wa wengine. Wahenga walisema kelele za mlango hazimwasi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, kwa kuwa mlango ni wake. Juu ya jirani hawakusema neno.

Hata hivyo, si haki kudai kimya kwa kila mtu. Mashine ya kukoboa kahawa hunguruma, na watu huivumilia, maana ngurumo ile ni jasho la kazi. Kelele isiyokwepeka si sawa na kelele iliyolipiwa fedha ili iwepo.

Wala fahari si dhambi. Speke, aliyefika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861, alionyeshwa vyombo vya chuma na shaba vilivyokuwa fahari ya ikulu. Fahari ile ilionwa na aliyeitazama, haikumwamsha asiyeitaka.

Sheria ipo: kanuni za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimeweka viwango vya kelele. Lakini sheria humnyamazisha mtu bila kumjibu. Yumkini atakaye gari lake lisikike ni yule ambaye mwenyewe hasikilizwi, si barazani, si ofisini, si nyumbani. Uchungu huo ni wa kweli. Ila humlipisha nani? Gari hupita usiku, na dereva huenda zake. Mgonjwa aliyekuwa ndiyo kwanza apate usingizi, na mama aliyekesha akibembeleza mtoto, ndio wabakiao macho. Hao nao hakuna awasikilizaye. Basi asiyesikilizwa, kabla ya kumpelekea fundi gari lake, na ajiulize ni wangapi walio kama yeye watakaobeba gharama ya sauti hiyo.