Mjomba Hana Tanbihi

Mchana nafundisha fasihi ya Bahari ya Hindi, usiku naandika hadithi. Muhula huu tunasoma The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, riwaya ya 2019 inayoanzia kisiwani Pate. Wanafunzi nimewaambia mara mia: ukichukua wazo la mtu, mtaje, na ukurasa uuandike. Usipomtaja, umeiba.

Wiki jana mmoja wa viti vya nyuma akaniuliza, "Na ile hadithi yako ya mvuvi, Daktari, uliitoa wapi?"

Niliitoa kwa mjomba. Ilikuwa majira ya kusi, bahari imechafuka, mashua zimefungwa, akanisimulia alivyompoteza mwanawe majini. Nilibadilisha majina, nikahamisha kijiji, nikaongeza mvua. Kile kimya chake alipofika kwenye jina la mtoto sikukigusa. Ndicho wasomaji walichokisifu.

Kwenye makala zangu, hata msomi aliyenipa nusu sentensi ana tanbihi yake. Mjomba hana. Najua tunavyojitetea sisi waandishi: eti hadithi ni ubunifu, na kumtaja mtu ni kumwanika. Sawa. Lakini mimi sikumuuliza kama anataka kutajwa au kufichwa. Nilimwamulia, nikaita huko kumlinda, na aliyefaidika ni mimi.

Jumapili nilimpigia simu nikamsomea yote. Alinyamaza muda mrefu, hadi nikadhani laini imekatika.

"Siku ile mvua haikunyesha, mwanangu," akasema. "Itoe."

Nikamwambia imeshachapishwa.