MGENI NA SHERIA ZA MWENYEJI

Somo: Kumbukumbu la Torati 2:4-6



Wana wa Israeli walipokaribia kupita katika nchi ya wana wa Esau, Bwana aliwapa maagizo kabla hawajaukanyaga mpaka. Wajihadhari sana, wasigombane na wenyeji, chakula wanunue kwa fedha, na maji vilevile. Sababu nayo aliwaambia: mlima Seiri Yeye mwenyewe alikuwa amempa Esau. Ingawa Israeli ni taifa teule, huko walikuwa wageni tu.

Neno hili lawahusu wale kati yetu wanaojitayarisha kwenda Rwanda kuiona Gahini, mahali ambapo katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho uliwaka, ukavuka hadi Uganda, Tanganyika na Kenya. Mmeanza kuweka nauli, na hati za kusafiria mnazitafuta. Ni vema. Lakini tayarisheni na mioyo yenu, maana nchi ile ina sheria kali za kuitunza ardhi yake.

Tangu mwaka 2008 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko. Na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vitu vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Mgeni akikutwa na mfuko mpakani, huchukuliwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ni umuganda: wananchi hutoka kufanya kazi ya pamoja. Na mtu akitaka kuwaona gorila wa milimani, hana budi kulipia kibali. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu 8 tu kwa siku, kwa muda wa saa 1. Mwenye mafua haruhusiwi, kwa sababu gorila huambukizwa magonjwa yetu. Tangu mwaka 2017, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hutengwa kwa ajili ya wanavijiji walio jirani.

Mtu aweza kusema, "Mfuko mmoja tu, nitauficha ndani ya kanga. Sisi twaenda kwa mambo ya kiroho." Ndugu yangu, Uamsho wa Gahini ulikuwa nini kama si watu kuyaleta nuruni yaliyofichwa? Walikuwapo walioungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha na mali walizoiba. Je, tutaingia mahali pale tukiwa na siri chini ya kiti cha basi? Mfuko ni mdogo, lakini uongo hauna udogo.

Tena sheria hizi si uadui kwa wageni. Mfuko unaotupwa hauozi. Huziba mifereji, na ng'ombe wa maskini huula akafa. Anayeukataza amemlinda jirani, na kumpenda jirani ni amri ya Bwana wetu.

Basi fungeni vyakula vyenu katika vikapu vya ukindu na mikoba ya kitambaa. Mkiwa huko Jumamosi ya umuganda, waombeni wenyeji wawape kazi. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye mafua asiyafiche kwa kuwa amekwisha lipa.

Nasi tutakaobaki tusidhani tumesamehewa. Hapa kwetu Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu Juni 1, 2019. Je, twaitii sheria hiyo, au twamngoja mkaguzi? Asiyeweza kuuacha mfuko sokoni kwao hatauacha mpakani kwa watu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana atujalie kuwa wageni wa namna hiyo, katika nchi za jirani na katika dunia hii yote, ambayo ni mali yake (Zaburi 24:1). Amina.